Katuni za Nyeusi na Nyeupe na Mikono Iliyozichora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kila mara mtu anapoiona katuni ya miaka ya 1920 au 1930 kwa mara ya kwanza na kutamani kujua zaidi. Yanaanzia ya msingi na kuishia ya mtu aliyezama. Majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja: nani hasa alishika kalamu. Maandishi ya mwanzo wa filamu hizi mara nyingi yalimtaja mwenye studio na kumwacha mchoraji gizani, na dhuluma hiyo inastahili kusahihishwa kila tunapopata nafasi.

## Mambo ya msingi

1. Katuni za nyeusi na nyeupe ni zipi hasa?

Ni filamu fupi za michoro zilizopigwa kwenye mkanda usio na rangi, hasa kati ya 1908 na miaka ya mwanzo ya 1940. Zile za miaka ya 1930 kwa kawaida huchukua dakika sita hadi nane. Zilionyeshwa sinemani kabla ya filamu kuu, pamoja na mikanda ya habari. Hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao. Watu wazima waliokata tiketi walikuwa wamejaa ukumbini, na ndiyo maana ndani yake utakuta madeni, pombe, polisi, mizimu na mapenzi.

Studio hazikuhamia kwenye rangi kwa pamoja. Mwaka 1932 Disney ilitoa *Flowers and Trees*, katuni ya kwanza iliyotumia mfumo kamili wa rangi tatu wa Technicolor. Hata hivyo, Mickey Mouse mwenyewe aliendelea kuchorwa bila rangi hadi 1935, na Warner Bros. ilitoa baadhi ya katuni za mfululizo wake wa Looney Tunes bila rangi hadi 1943. Sababu kubwa ilikuwa gharama.

2. Nilipokuwa mdogo nilitazama Tom na Jerry kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe. Ndizo hizo?

Hapana. Tom na Jerry walianza mwaka 1940 na tangu siku ya kwanza walikuwa na rangi. Televisheni ya nyumbani ndiyo haikuwa nayo. Wengi waliokulia Kenya miaka ya 1960 na 1970 wana kumbukumbu za aina hii. Ukitaka kujua katuni ni ya zamani kweli, tazama mistari na vivuli. Iliyochorwa kwa ajili ya mkanda usio na rangi ina weusi mzito ulioshiba, nyeupe safi na kijivu cha viwango vichache vilivyochaguliwa makusudi. Ya rangi ikionyeshwa bila rangi huonekana imefifia, kila kitu kimekaribia kufanana.

3. Katuni ya kwanza kabisa ni ipi?

Inategemea unachokiita katuni. Mwaka 1906 J. Stuart Blackton, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa filamu ya nyuso zilizochorwa kwa chaki ubaoni: bwana anavuta sigara na moshi wake unamfunika bibi aliye mbele yake. Ndani yake mna mkono wa mchoraji na hila kadhaa za kamera, kwa hiyo wengine huihesabu kuwa mazingaombwe zaidi kuliko katuni.

Wengi hukubaliana juu ya *Fantasmagorie* ya Mfaransa Émile Cohl, iliyoonyeshwa Paris tarehe 17 Agosti 1908. Haifiki dakika mbili, lakini ina michoro kama 700. Cohl alichora kwa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha mkanda ukageuzwa ili nyeupe iwe nyeusi, ndiyo maana inaonekana kama chaki ubaoni. Alikuwa na miaka 51, mchora vibonzo vya magazeti mwenye jina, na filamu yake haina kisa cha kufuata. Mtu anageuka chupa, chupa inageuka ua, ua linageuka tembo. Zaidi ya miaka mia imepita na bado inamshtua mtazamaji. Cohl alikufa mwaka 1938 akiwa maskini.

4. Je, *Steamboat Willie* ndiyo katuni ya kwanza yenye sauti?

Si kweli, ingawa husemwa hivyo kila mahali. Ndugu Max na Dave Fleischer walikwisha kutoa katuni za nyimbo zenye sauti katikati ya miaka ya 1920 wakitumia mfumo wa sauti wa mvumbuzi Lee de Forest. Hao ndio waliobuni kidoto kinachoruka juu ya maneno ili ukumbi mzima uimbe pamoja. Paul Terry naye alitoa *Dinner Time* mwaka 1928, miezi michache kabla ya Disney.

Kilichofanywa na *Steamboat Willie*, iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, ni kufunga muziki na mwendo vikawa kitu kimoja. Mickey anapiga meno ya ng'ombe kama marimba na kila jino lina noti yake. Ili okestra isipotee, alama ya kuruka iliwekwa kwenye mkanda wa kurekodia, kiongozi wa muziki akaifuata kwa macho. Watu waliotoka ukumbini siku ile walijua kwamba katuni bubu zimekwisha muda wake.

5. Sijawahi kuzitazama. Nianze na zipi?

Anza na nne. *Gertie the Dinosaur* (1914), ya Winsor McCay, uone subira ya mtu mmoja. *The Skeleton Dance* (1929), iliyochorwa kwa sehemu kubwa na Ub Iwerks: mifupa minne inacheza makaburini, na mmoja anapiga mgongo wa mwenzake kama ala ya muziki. *Snow-White* ya Fleischer (1933), ambayo si ile ya Disney na haifanani nayo hata kidogo. Mwisho *Porky in Wackyland* (1938), ya Bob Clampett, ambapo sheria zote za dunia zimevunjwa kwa furaha.

Zitazame peke yake, bila simu mkononi, na kila moja mara mbili. Mara ya kwanza utafuata kisa. Mara ya pili tazama pembeni: mandhari ya nyuma, vidole, jinsi mhusika anavyosimama kabla hajaanza kutembea. Huko ndiko mchoraji alikojificha.

## Mikono iliyochora

6. Winsor McCay ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Alikuwa mchora vibonzo wa magazeti ya Marekani, na kwa ufundi wa mstari hakuwa na mpinzani wakati wake. Alianza filamu kwa michoro 4,000 ya wahusika wa kibonzo chake cha gazetini mwaka 1911. Mwaka 1912 akatoa kisa cha mbu mwenye kofia ndefu na mkoba, anayemnyonya damu mtu aliyelala mpaka tumbo linapasuka. Sisi tunaoishi na mbu kila usiku tunaielewa filamu hiyo bila kutafsiriwa.

Kisha ikaja Gertie, dinosaria wa kike. McCay alimpeleka jukwaani Chicago mwezi Februari 1914. Yeye mwenyewe alisimama kando ya pazia la sinema, mjeledi mkononi, akimwamuru: inua mguu, wasalimie watu. Gertie anatii, mara anakaidi, na akikaripiwa analia. McCay anamrushia tufaha na Gertie analidaka. Tufaha la kweli linafichwa mkononi wakati lile lililochorwa linaingia pichani. Mwisho McCay anatembea nyuma ya pazia, na papo hapo mtu aliyechorwa anatokea ndani ya filamu, anapanda mgongoni kwa Gertie na kuondoka naye.

Tazama kifua cha Gertie anapolala. Kinapanda na kushuka, na McCay aliupima muda wa pumzi hizo kwa saa, ili mnyama aliyetoweka zamani apumue kama kiumbe hai. Kabla yake katuni zilikuwa na vituko. Yeye aliwapa wahusika tabia.

Kuna mkono mwingine humo ambao hautajwi. Wakati huo ilikuwa lazima kila karatasi ichorwe nzima, mhusika pamoja na mandhari. Kijana aitwaye John Fitzsimmons, msaidizi wa McCay, ndiye aliyenakili miamba, mti na ziwa kwenye maelfu ya karatasi, moja baada ya nyingine. Ukiona mistari ya milima inatetemeka kidogo, hiyo ni kazi ya Fitzsimmons. Wengine huiona kasoro. Mimi naiona ni ushahidi kwamba palikuwa na mtu.

7. Paka Felix alichorwa na nani?

Kwenye filamu limeandikwa jina la Pat Sullivan, mwenye studio, mzaliwa wa Australia. Wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba aliyembuni Felix na kuongoza filamu zake ni Otto Messmer, mchoraji mpole kutoka New Jersey aliyeajiriwa na Sullivan. Filamu ya kwanza, *Feline Follies*, ilitoka mwaka 1919.

Felix ni somo la jinsi ya kufanya mengi kwa kidogo. Mwili wake ni doa jeusi, macho mawili makubwa, masikio mawili na mkia. Mkia unang'oka na kuwa rungu, ndoano, ngazi. Alama ya kuuliza ikimtokea kichwani anaishika na kuitumia. Akikwama anatembea huku na huko, mikono mgongoni, kichwa chini, na mtazamaji anamwona anafikiri. Hakuna sauti na hakuna haja ya sauti. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni ya RCA ilipoanza majaribio ya televisheni New York mwaka 1928, sanamu yake ndiyo iliyowekwa kwenye sahani inayozunguka mbele ya taa kali ili ipigwe picha.

Sullivan alikufa mwaka 1933 na studio ikafa naye. Messmer aliendelea kuchora Felix wa magazetini kwa miaka mingi, jina lake halitajwi. Alitambuliwa akiwa mzee, baada ya watafiti wa katuni kumtafuta na kumhoji, na alikufa mwaka 1983. Alichora paka aliyejulikana dunia nzima, na kwa zaidi ya miaka 40 majirani zake wangeweza kupishana naye njiani wasijue.

8. Kama Walt Disney ndiye mwenye Mickey, Ub Iwerks alifanya nini?

Alichora. Iwerks na Disney walifahamiana Kansas City wakiwa vijana, mwaka 1919. Mapema 1928 Disney alimpoteza mhusika wake wa awali, sungura Oswald, kwa sababu haki zake zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Universal, na wachoraji wake wengi wakahamia upande wa pili. Iwerks alibaki. Filamu ya kwanza ya Mickey, *Plane Crazy*, aliichora karibu yote peke yake, kwa siri, na inaelezwa kwamba kuna siku alifikisha michoro 700.

Ukisimamisha maandishi ya mwanzo ya *Steamboat Willie* utaliona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa chini ya lile la Disney. Hilo halikuwa jambo la kawaida wakati ule (linganisha na swali la 7), na Disney anastahili sifa kwa hilo. Iwerks aliondoka mwaka 1930 kuanzisha studio yake, akambuni chura Flip, lakini biashara haikumkubali. Mwaka 1940 alirudi Disney, na kuanzia hapo akajikita kwenye mitambo na hila za kamera, kazi iliyompa tuzo mbili za Oscar.

Mtu akikuuliza nani alimbuni Mickey, jibu la haki ni kwamba Disney alitoa wazo, kisa na sauti, na Iwerks alitoa umbo na mwendo.

9. Betty Boop alitoka wapi, na ni kweli alimwiga mwimbaji halisi?

Alionekana kwanza katika *Dizzy Dishes*, Agosti 1930, kazi ya studio ya Fleischer. Aliyemchora ni Grim Natwick, mmoja wa wachache wakati huo waliosomea kuchora mwili wa binadamu. Betty wa mwanzo alikuwa nusu mbwa, mwenye masikio marefu yanayoning'inia. Kufikia 1932 masikio yamegeuka hereni na Betty amekuwa mwanamke kamili.

Mwimbaji Helen Kane alikwenda mahakamani mwaka 1932 akidai sauti na mtindo wake vimeibwa. Mwaka 1934 alishindwa. Ushahidi uliomuumiza ulihusu msanii mtoto, Mmarekani mweusi, Esther Jones, aliyejulikana jukwaani kama Baby Esther. Meneja wake alieleza kwamba binti huyo alikuwa akiimba kwa mtindo huo huo kabla ya Kane, na kwamba Kane alipata kumwona. Fleischer walishinda kesi, Kane alikwisha kupata umaarufu, na Esther Jones hakupata chochote. Siku hizi picha zinazodaiwa kuwa zake husambaa mitandaoni, nyingine ni za watu tofauti kabisa, kwa hiyo usiziamini ovyo.

Katuni za Betty ndimo pia jazi ya watu weusi ilipopata nafasi ambayo kumbi nyingi ziliwanyima. Mwanamuziki Cab Calloway anaimba katika tatu kati ya hizo. Katika *Snow-White*, mcheshi Koko anageuka mzimu wenye miguu mirefu na kuteleza kama Calloway mwenyewe, kwa sababu mwendo huo ulinakiliwa kutoka filamu ya Calloway akicheza. Chombo kilichofanya hivyo ni rotoskopu ya Max Fleischer, iliyopata hataza (hati ya kumlinda mvumbuzi) mwaka 1917: filamu ya mtu halisi inamulikwa chini ya kioo fremu moja moja, na mchoraji anafuatisha kwa kalamu juu yake. Sehemu kubwa ya *Snow-White* ilichorwa na mtu mmoja, Roland Crandall, kwa muda wa miezi kadhaa. Itazame ukijua hilo.

10. Wanawake walikuwa wapi?

Walikuwa chumba cha pili. Wanaume walichora kwa penseli. Wanawake, tena kwa mamia katika studio kubwa, walifuatisha kila mstari kwa wino kwenye karatasi angavu za seluloidi na kupaka rangi upande wa nyuma. Mstari unaouona kwenye pazia la sinema, ule mwembamba unaonenepa penye mkunjo wa nguo na kukonda tena, ni wa mkono wa mwanamke. Majina yao hayamo kwenye filamu. Barua za studio ya Disney za miaka ya 1930 ziliwaambia wasichana walioomba kazi kwamba kazi za ubunifu ni za vijana wa kiume.

Wachache walipenya. Lillian Friedman alipandishwa kuwa mchoraji kamili kwa Fleischer mwaka 1933, miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kufika hapo. Ujerumani, Lotte Reiniger hakuomba ruhusa kwa studio yoyote. Kwa mkasi na karatasi nyeusi ngumu alikata vivuli vya watu, farasi na majini, na kwa miaka mitatu, akisaidiwa na mumewe Carl Koch, akatengeneza *Prinz Achmed* (1926) kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyobaki duniani. Mandhari yake ilipakwa rangi moja kwa kila onyesho, lakini wahusika ni weusi mtupu, na ukitazama vidole vya wahusika hao, alivyovikata Reiniger kwa mkasi, utashangaa jinsi vinavyozungumza.

## Jinsi zilivyotengenezwa

11. Katuni moja ilihitaji michoro mingapi?

Filamu yenye sauti hupita fremu 24 kwa sekunde. Mchoro mmoja mara nyingi hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Dakika saba ni sekunde 420, yaani zaidi ya michoro 5,000 kwa mhusika mmoja tu asiyepumzika.

Kilichookoa wachoraji ni uvumbuzi wa Earl Hurd, alioombea hataza mwaka 1914: mandhari ichorwe mara moja, mhusika achorwe kwenye karatasi angavu na kulazwa juu yake. Hurd na John Randolph Bray waliungana, na studio nyingine zikalazimika kulipa ada mpaka hataza zilipokwisha mwaka 1932. Raoul Barré naye alileta vigingi vya kushikilia karatasi ili picha isicheze. Baada ya hapo, kijana kama Fitzsimmons (swali la 6) hakuhitajika tena kuchora mlima ule ule mara elfu.

12. Kwa nini mikono yao inajipinda kama mpira wa bomba, na kwa nini wanavaa glavu nyeupe?

Mkono usio na kiwiko ni mwepesi kuchora na hufuata muziki vizuri. Mchoraji anayetakiwa kumaliza filamu kwa wiki chache hana muda wa mifupa. Umbo la duara nalo huchorwa haraka na halibadiliki kirahisi likipita mikononi mwa watu kumi.

Glavu zina historia mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza ni ya kiufundi: mkono mweusi mbele ya kifua cheusi haumuoneshi mtazamaji kitu. Mickey alizivaa kwanza katika *The Opry House*, 1929. Ya pili inauma. Glavu nyeupe, mdomo mpana na macho makubwa vilikuwa vazi la wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi jukwaani Marekani, na wachoraji wa mwanzo walilichota humo. Mhusika Bosko, wa Hugh Harman na Rudolf Ising, alisajiliwa waziwazi kama mvulana mweusi. Endelea na swali la 16.

13. Mbona nimeiona katuni hiyo hiyo ikiwa na rangi?

Uliona nakala. Mwaka 1968 Looney Tunes 78 za nyeusi na nyeupe zilipelekwa Korea Kusini kuchorwa upya kwa rangi ili ziuzwe kwa televisheni. Betty Boop na baharia Popeye walipitia hali hiyo hiyo baadaye. Waliofuatisha waliruka michoro kupunguza kazi, kwa hiyo mwendo unakatika, macho yanahama, na mandhari imekuwa ya ovyo. Kama kuna toleo lisilo na rangi, chagua hilo. Mchoraji alipanga kijivu chake kwa makusudi, na rangi ya mtu mwingine inafuta uamuzi wake.

## Nje ya Marekani, na Afrika

14. Nchi nyingine hazikuchora?

Zilichora, na nyingine zilitangulia. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni duniani ilitoka Buenos Aires mwaka 1917: *El Apóstol* ya Quirino Cristiani, dhihaka kwa rais Yrigoyen wa Argentina, iliyotengenezwa kwa vipande vya karatasi ngumu. Iliteketea kwa moto mwaka 1926, na leo hakuna mtu aliye hai anayeweza kuitazama.

China, ndugu Wan walitoa *Princess Iron Fan* mwaka 1941, katika Shanghai iliyozingirwa na vita. Ina dakika 73, haina rangi, na mhusika wake ni Mfalme Nyani. Kijana mmoja wa Kijapani, Osamu Tezuka, aliiona na haikumtoka. Yeye ndiye aliyekuja kuwa jina kubwa kuliko yote katika vibonzo vya Japani.

15. Afrika ilikuwa na katuni zake?

Misri ilikuwa nazo. Ndugu wa familia ya Frenkel, Wayahudi wenye asili ya Belarus walioishi Misri, walimbuni Mish-Mish Effendi, bwana mwenye tarbushi, na mwaka 1936 filamu yake ya kwanza, *Mafish Fayda*, ilionyeshwa Cairo. Watu walifurahi mno: hatimaye katuni inasema Kiarabu cha mtaani kwao. Miaka ya 1950 familia ilihamia Ufaransa, na filamu zikakaa chini ya nyumba kwa miongo mingi kabla ya kufufuliwa.

Niger ilimtoa Moustapha Alassane (1942–2015). *Bon voyage Sim* yake ya mwaka 1966 ni ya nyeusi na nyeupe, dakika chache tu: rais wa jamhuri ya vyura anakwenda ziara ya kiserikali, anapokelewa kwa gwaride, na akirudi mambo si yale. Mistari ni michache, kama ya mtu anayechora akiwa barazani. Kwa tarehe amechelewa kundi la swali la 1, lakini roho yake ni ile ile ya Cohl na McCay: mtu mmoja, meza, taa na subira. Sisi tuliokulia kwenye vibonzo vya magazeti, kama Chakubanga wa Christian Gregory katika *Uhuru*, tunamtambua Alassane mara moja. Angepaswa kujulikana Dar es Salaam na Nairobi kama anavyojulikana Niamey.

16. Kwa nini Waafrika wamechorwa vibaya hivyo, na je, nizioneshe kwa watoto?

Katika katuni nyingi za miaka ya 1930 Mwafrika ni mla watu, ana mfupa puani, na lugha yake ni kelele. *Trader Mickey* (1932) ni hivyo mwanzo hadi mwisho. Hata Louis Armstrong, katika katuni ya Betty Boop ya mwaka huo huo, sura yake inageuzwa kichwa kikubwa cha mla watu kinachoruka, huku tarumbeta yake ikiwa kitu kizuri kuliko vyote filamuni. Wachoraji hawa hawakuwa wamefika Afrika. Walichora kile walichokiona jukwaani na kwenye mabango, wakakieneza duniani kote, hadi kwenye kumbi zetu wenyewe.

Sitaki kazi hizi zifichwe, kwa sababu ushahidi ukifutwa kosa nalo linakanushwa. Lakini usimwachie mtoto simu na orodha inayojichezea yenyewe. Itazame kwanza wewe. Kwa watoto wadogo chagua Gertie, Felix zilizochaguliwa au mifupa inayocheza. Kwa wakubwa wa sekondari, tazameni pamoja, simamisha, uliza nani alichora hivi na alimjua nani.

## Kupotea, kupatikana na kumiliki

17. Kwa nini nyingi zimepotea?

Mkanda wa zamani ulikuwa wa nitrati, kitu kinachojitolea oksijeni yake chenyewe kikiungua, hivyo hata ukikizamisha majini hakizimiki. Ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko New Jersey liliungua Julai 1937 na kuteketeza sehemu kubwa ya filamu zake bubu. Usipoungua, unaoza: unanata, unavimba, mwisho unakuwa unga wa kahawia. Mbali na hayo, baada ya sauti kuingia studio ziliona filamu bubu hazina thamani, zikazitupa au kuziyeyusha ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani. Karatasi za seluloidi zenyewe zilioshwa na kutumiwa tena.

18. Zilizopotea hupatikanaje?

Mara nyingi nje ya nchi zilikotoka. Mfuatilie Oswald, yule sungura wa swali la 8: moja ya filamu zake ilipatikana kwenye hifadhi ya Uingereza mwaka 2011, nyingine Norwei mwaka 2014, nyingine tena Uingereza mwaka 2015. Mwaka 2018 Japani ilibainika kwamba mtafiti mzee, Yasushi Watanabe, alikuwa na kipande cha *Neck 'n' Neck* alichokinunua akiwa kijana Osaka kwa yeni 500. Huko huko Osaka, katika soko la vitu vikuukuu, ndiko ilikopatikana *Namakura Gatana* ya 1917, kisa cha samurai mwenye upanga butu. Nakala nyingi zilizosalia ni za milimita 16, zilizouzwa kwa matumizi ya nyumbani, na hazina ubora wa asili.

19. Naruhusiwa kuzitumia kwenye video au bango langu?

Marekani, filamu za wakati huo hulindwa kwa miaka 95. *Steamboat Willie* ikawa mali ya umma tarehe 1 Januari 2024, za 1929 zikafuata 2025, na za 1930 zikafuata 2026. Sheria ya Kenya hutoa miaka 50 kwa kazi za sauti na picha. Jambo linalowatega watu ni alama ya biashara, ambayo haiishi kwa namna hiyo: unaweza kuonesha filamu, lakini ukimweka Mickey kwenye nembo ya duka lako ni kesi nyingine. Pia muziki mpya uliowekwa juu ya filamu bubu, au ukarabati wa karibuni, unaweza kuwa na mwenyewe. Kwa kazi ya biashara, muone wakili.

20. Nimekuta mkanda wa zamani kwenye sanduku la marehemu babu. Nifanye nini?

Usiutie kwenye projekta, na usiunyooshe kwa nguvu. Pima upana. Wa milimita 16 karibu siku zote si nitrati. Wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 unaweza kuwa, na mara nyingine neno NITRATE limechapwa pembeni. Ukihisi ni nitrati, utoe nje ya nyumba mbali na jiko, jua na watu, usiufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, kisha wasiliana na hifadhi ya taifa au makumbusho kabla ya kuusafirisha. Ukinuka siki, ni aina ya baadaye inayoanza kuharibika: uweke penye ubaridi na ukavu, na utafute wa kuunakili haraka.

Usitupe boksi lake. Andika kila kilichoandikwa juu yake, lebo za duka, mihuri ya posta, na lolote wazee wa nyumbani wanalokumbuka kuhusu lilivyofika hapo. Ukipata picha chache za mwanzo wa mkanda zinazosomeka, zipige kwa simu juu ya karatasi nyeupe yenye mwanga, usome majina yote, hata yale madogo ya chini kabisa.